Tambi za Papai Bichi za Mke Mwenzangu

Mwaka wenyewe siukumbuki kwa namba. Ni ule mwaka nyanya zilipoadimika, mtaa wetu wote huku Yombo tukaunga mchuzi kwa embe bichi na ukwaju, watoto wakawa wanakula huku wamefumba jicho moja kwa ukali. Ukimwambia mtu wa kwetu "mwaka wa mchuzi wa embe", anajua unasema lini. Mwaka huohuo mke mwenzangu aliambiwa ana sukari, na mwaka huohuo mie nilijifunza kupika tambi ambazo si tambi.

Nianze na huyo mke mwenzangu, maana watu wakisikia neno hilo wanavuta kiti karibu, wanadhani wataletewa ugomvi. Ugomvi ulikuwepo. Miaka sita ya kwanza tuligombana mpaka majirani wakachoka kuja kuamua. Mie ndiye bi mkubwa, niliolewa kwanza. Yeye bi mdogo, lakini alinizidi umri miaka minne na mwili sijui mara ngapi. Hapo ndipo palipokuwa na kazi: nani amwamkie mwenzake? Yeye anasema anayeamkiwa ni mkubwa wa kuzaliwa. Mie nasema ni mkubwa wa ndoa. Basi tangu alipoingia nyumba ile hakuna aliyempa mwenzake shikamoo. Asubuhi anatoka chumbani kwake, ananitazama, anasema, "Umeamka?" Nami namjibu, "Unaniona nimelala?" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu, miaka thelathini na kitu.

Mume wetu aliendesha lori la mchanga. Alipofariki, watu walingoja tugawane vyombo na kila mmoja ashike njia yake. Ndugu zake walikaa barazani wanatutazama kama wanatazama mpira. Hatukugawana. Eda tulikaa chumba kimoja, mkeka mmoja, na tulipotoka eda tulikuwa tumeshazoeana vibaya. Yeye alijua nikikohoa vipi ninataka maji na nikikohoa vipi ninataka watu waondoke.

Kitu alichotuachia marehemu ni zamu. Mwanamke aliyewahi kuwa na mwenza ananielewa. Siku zinagawanywa, mbili kwangu, mbili kwako, na mwenye zamu ndiye anayepika. Mume alikufa, zamu ikabaki. Hatukukubaliana kwa mdomo. Siku ya pili baada ya kutoka eda niliingia jikoni nikamkuta ameshabandika sufuria. Akaniambia bila kugeuka, "Leo si siku yako." Nikatoka, nikaenda kukaa barazani, nikangoja niitwe kula. Na hivyo ndivyo tulivyoishi.

Siku zake tulikula wali wa nazi na samaki, chumvi imezidi kidogo, na huruhusiwi kusema. Siku zangu alinidai tambi. Hapo nilimshinda, na mwenyewe alijua. Tambi za kwetu si zile za kuchemsha ukamwagia mchuzi mwekundu. Unazivunjavunja, unazikaanga mpaka zinakuwa rangi ya karanga, unatia tui, sukari, iliki, unafunika, unapunguza moto mpaka zinakauka. Zikiiva vizuri zinaachana moja moja kama watu waliotoka kwenye mkutano. Mwenzangu alikula sahani mbili, na ya tatu alisema anahakikisha tu kama iliki ilitosha.

Basi sukari ikaingia nyumbani. Kule kliniki binti mmoja wa mambo ya lishe alimchorea sahani kwenye karatasi, akaigawa kwa mistari: nusu yote mboga za majani, robo kitu cha kujenga mwili, robo wanga. Mwenzangu akaishika ile karatasi, akaitazama weee, kisha akamwambia yule binti, "Mwanangu, sahani yenyewe mbona ndogo?" Binti akacheka. Mie sikucheka, kwa sababu nilijua hakuwa anatania.

Alipofika nyumbani alisema ameacha. Chai akawa anakunywa mbele yangu bila sukari, amekunja uso kama anakunywa mwarobaini. Lakini chini ya kitanda chake kulikuwa na kopo la hina, na kwenye kopo la hina kulikuwa na sisimizi. Sisimizi hawafuati hina. Nilijua, nikanyamaza. Hilo naliandika hapa kwa sababu mpaka leo sijamwambia mtu. Nilijidai mtu mzima hachungwi. Kweli yenyewe ni kwamba nilipenda kumwona anatoka chumbani amefurahi.

Kisha kiatu kikamchubua kidole gumba cha mguu wa kushoto. Mchubuko wa mtoto siku tatu umepona. Huu ulikaa mwezi, ukafunguka, ukaanza kutoa harufu. Wakawa wanamsafisha kliniki, mie nambadilishia bandeji nyumbani. Asubuhi moja nimeinama namfunga, akaniambia kwa juu ya kichwa changu, "Bi mkubwa, wakinikata huu mguu, nitasimamaje jikoni siku zangu?"

Alisema kwa sauti yake ya mzaha. Nikainua uso, nikaona hana mzaha hata kidogo. Nilimaliza kufunga, nikaenda chumbani kwake, nikatoa lile kopo la hina, nikaimwaga sukari yote kwenye ndoo ya maji machafu huku ananitazama. Nilipomaliza akasema, "Na kopo nalo ulioshe vizuri, ni kopo zuri."

Mjukuu wangu wa kike anafanya kazi kwenye duka kubwa mjini, yale maduka yenye baridi. Ndiye aliyeleta ile pakiti. Ndani kulikuwa na nyuzi nyeupe zinaelea kwenye maji, zinateleza kama mlenda.

"Bibi, hizi ni tambi za wagonjwa wa sukari. Wanatengeneza kwa mzizi fulani huko Asia. Mtu anakula anashiba, hanenepi, sukari haipandi."

"Zina nini ndani?"

"Hazina kitu, bibi. Ndiyo uzuri wake."

Mwenzangu akadakia kutoka kitandani, "Chakula hakina kitu, na hapo ndipo kilipo kizuri. Hawa watoto mtawaacha wasome mpaka wapi?"

Nilipoikata pakiti, harufu ikanipiga usoni, harufu ya soko la samaki saa nane mchana. Nikadhani zimeoza. Nilitaka kuzitupa, nikakumbuka ni hela ya mtoto. Sasa mie ni mtu wa pwani, kitu kikininukia samaki mkono wangu haungoji akili. Nikazikamulia ndimu, nikazipaka chumvi, nikazifikicha, nikazisuuza maji matatu. Mjukuu akapiga kelele kwamba haikuandikwa hivyo kwenye pakiti. Nikamwambia pakiti haijawahi kukaa pwani. Basi harufu ikaondoka yote. Nikazikaanga kwenye kikaango kikavu, zikalialia kama paka, nikatia tui jepesi, iliki, mdalasini na zabibu tatu. Nilizihesabu.

Mwenzangu akatafuna. Akatafuna tena. Akanitazama.

"Zinanirudishia meno," alisema. "Kama unatafuna mpira wa kandambili. Lakini iliki ni yenyewe."

Akamaliza sahani. Kile kimashine cha kuchoma kidole hakikupandisha namba. Tatizo ni kwamba zile pakiti ni ghali, za kumlisha mtu siku moja moja, si za watu wa kwetu. Ndipo nikaanza kutazama nyuma ya nyumba, kwenye mpapai.

Nilianza na kabichi, ikatoka mboga, ikabaki mboga. Mumunye likayeyuka. Papai bichi ndilo lililokubali. Mara ya kwanza nililikuna kwenye mbuzi ya nazi, likatoka machicha. Mara ya tatu nikapata. Liwe bichi kabisa, ukiligusa kwa kisu litoe utomvu mweupe. Unalimenya, unaliloweka kwenye maji ya chumvi utomvu uishe. Unalishika mkononi kama unavyoshika kabichi, unalichanja kwa urefu mistari ya karibukaribu, kisha unapitisha kisu juu, nyuzi zinadondoka zenyewe. Unazikamua mpaka mkono ukuume. Halafu kikaango kikavu, moto wa wastani, unageuza na hutoki hapo, hata ukiitwa na nani, mpaka zinapata rangi ya karanga. Tui lile la pili, jepesi, kidogo tu. Ukikosea kidogo inakuwa uji. Usipokosea, mtu hawezi kukuambia kwamba lile ni papai.

Siku nilipopatia, mwenzangu alikula kimya. Kwake yeye, kula kimya ni jambo kubwa. Kisha akauliza, "Sukari umetia?" Nikamwambia hakuna. Akasema, "Unanidanganya, na usiache."

Tulikula tambi za papai zamu zangu zote, na zamu zake akawa ananiomba nimkatie papai, apike mwenyewe. Zake hazikutoka kama zangu, lakini nilikula. Namba za kile kimashine zikaanza kushuka. Kidonda kikaanza kukauka pembeni, kikawa kinawasha, na pale kliniki walisema kuwasha ni dalili njema. Nilikuwa natembea mtaani kama mtu aliyejenga ghorofa.

Ramadhani ikaingia. Mie nilifunga. Yeye alikatazwa kwa sababu ya dawa, akawa anakula mchana chumbani, kwa adabu, mlango umerudishwa. Siku moja kwenye saa tisa mwanawe mkubwa akaja kutoka Boko. Huyo ni kijana mzuri, ana kazi nzuri, mie nimembeba mgongoni, na ananiita Mama mkubwa. Akaingia moja kwa moja chumbani kumsalimia mama yake, akamkuta na sahani mapajani. Tambi za rangi ya karanga, zinang'aa kwa tui, zinanukia iliki mpaka ukumbini.

Alisimama pale mlangoni. Akatazama sahani, akatazama bandeji.

"Mama, tambi?"

"Si tambi hizi, mwanangu. Ni papai."

"Mama, usinifanye mtoto."

"Papai nakwambia. Hebu onja."

"Nimefunga."

Ndivyo ilivyokuwa. Kijana amefunga, hawezi kuonja, na mie mwenyewe nilizipika vizuri mno. Kama ningeziharibu kidogo tu siku ile, zikawa uji uji, angeamini. Akanigeukia. Hakunipandishia sauti, hana tabia hiyo. Alisema, "Mama mkubwa, mtu anakaribia kukatwa mguu, na humu ndani anapikiwa tambi za nazi. Nilidhani yupo na mtu wa kumwangalia."

Mpapai ulikuwa hatua kumi kutoka pale. Maganda yalikuwa kwenye ungo jikoni. Ningemshika mkono nikamwonyesha, jambo lingekwisha. Sikumshika. Mtu niliyemfuta makamasi anisimamie mlangoni kwangu aniulize ninampa nini mama yake? Nikamwambia, "Kama umeona hivyo, ni hivyo." Hayo ndiyo maneno ninayoyatafuna mpaka leo.

Akamfungia mama yake nguo kwenye begi. Mwenzangu alilalamika mpaka garini, "Hii ni nini jamani, mie si mzigo," lakini akaenda, maana mguu ulimtisha na mtoto ni wake. Aliniambia kupitia dirishani, "Mpaka kipone tu." Nikasema, "Sawa."

Kidonda kilipona. Ikaja Idi, ukaja mfungo mosi, ukaja mfungo tatu. Hakurudi.

Watu wanadhani upweke ni kukosa mtu wa kuongea naye. Mie watu wa kuongea nao ninao, mtaa mzima. Nilichokosa ni mtu wa kunifukuza jikoni. Siku ya kwanza iliyokuwa zamu yake niliamka, nikaenda mpaka mlango wa jikoni, nikasimama. Jiko limepoa. Sufuria yake kubwa imeinamishwa palepale alipoiacha. Nikarudi barazani nikakaa. Mjukuu alipopita jioni akauliza, "Bibi, mbona hujapika?" Nikamwambia, "Leo si siku yangu." Akanitazama kama anataka kunipeleka hospitali. Tangu hapo siku zangu mbili ninapika, siku zake mbili ninakula mkate na chai, na jiko siwashi. Simsubiri mtu anielewe.

Kwenye simu alikuwa ananitumia sauti, maana kuandika wote wawili hatukukaa sana darasani. Sauti zenyewe za kunitukana. "Umepoteza ule mwiko wangu mrefu, najua." "Usimpe jirani kanga yangu ya njano." Nikizisikiliza mara moja, nazirudia mara tano.

Nilikwenda Boko mara moja. Nyumba nzuri, geti, vigae mpaka uani, huoni hata kuku. Mkwe wake alinipokea kwa heshima zote. Saa ya chakula dada wa kazi akaleta sahani: zile tambi za pakiti, zimechemshwa tu, hazikupitishwa ndimu, zinanuka soko zima. Mwenzangu akaisogeza sahani kwa kidole kimoja. Alikuwa amepungua. Mtu yule, ambaye ulikuwa ukimsikia akikaa kwenye kiti, sasa anakaa na kiti hakisemi.

Dada wa kazi alipotoka, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Leo ni zamu ya nani kule?"

"Yako."

"Kumepikwa nini?"

"Nitapikaje siku yako?"

Akanitazama. "Kwa hiyo siku zangu unakula nini, wewe mwanamke?"

"Mkate."

"Mjinga wewe," alisema, na akafuta macho kwa pembe ya kanga kama mtu aliyeingiwa na vumbi, na vumbi mle ndani halipo. Kisha akasema, "Nikiwaambia nataka kurudi kwangu, wanasema ni sukari inaongea. Kila nikisema neno, sukari inaongea. Hata nikidai mto wangu."

"Sema kwa nguvu."

"Nimesema. Sasa nitasema kwa njia nyingine."

Sikumwelewa siku ile. Nilimwelewa juma lililopita.

Juma lililopita gari lilisimama nje kwangu, akashuka yule mwanawe pamoja na dada wa kazi. Mkononi ana mfuko.

"Shikamoo, Mama mkubwa."

"Marahaba. Karibuni, kaeni."

Alikaa kwenye ukingo wa kiti, kama siku aliyokuja kuniambia amefeli mtihani wa darasa la saba. Akasema, "Mama hali. Ni siku ya nne leo, uji mwepesi asubuhi na jioni, basi, tena kwa sababu ya dawa. Kila sahani anairudisha jikoni. Anasema hatakula mpaka apate tambi za papai za bi mkubwa." Akauhamisha mfuko mkono wa pili. "Siku ile nilikosea. Nimejua. Dada alijaribu kuzipika, nikazionja. Zilikuwa uji, lakini kweli ni papai."

"Enhe."

"Naomba unisamehe."

"Nilishakusamehe barabarani hata hujafika Tazara. Mfuko una nini?"

Alikuwa ameleta papai. Nikaliminya, lilikuwa limeanza kulainika kwenye kitako; papai la hivyo halitoi uzi. Dada wa kazi alikuwa ametoa simu, ameishika tayari.

"Tunaomba umwelekeze," kijana alisema. "Au arekodi tu wakati unapika. Dakika kumi. Atajifunza, Mama mkubwa, ana mkono mwepesi. Mama atakula, sote tutapumzika."

Sitasema moyo haukuniuma. Uliniuma mpaka nikashika ukuta. Siku nne za uji, kwa mtu yule. Nilitaka kwenda kwenye mpapai pale pale na kisu changu. Lakini nilimjua mwenzangu miaka mingi kuliko huyu mtoto anavyojijua. Yule hajashindwa kula. Yule anafanya kazi, kule Boko, kwa tumbo lake, na kazi hiyo ina watu wawili, mmoja kule na mmoja hapa. Nikitoa ule upishi kwenye simu leo, utapikwa Boko kesho, na yeye atakula Boko mpaka siku ya kuzikwa kwake, watu wamepumzika.

Nikamrudishia papai lake mapajani.

"Sifundishi mtu. Anayezitaka, jikoni kwangu anapajua."

Akashusha pumzi. "Mama mkubwa, choo cha huku kiko nje. Mguu wake…"

"Umepona. Mie ndiye niliyekuwa naufunga."

"Na kliniki? Nani atampeleka?"

"Aliyekuwa anampeleka. Kama gari lako linajua njia ya kuja kuniomba, linajua na ya kumpeleka kliniki."

Dada wa kazi akainamisha uso, nikaona anajizuia kucheka. Kijana alijishika kichwa kwa mikono miwili. Alitazama ule mlango wa chumba cha mama yake, ambacho ninakifagia kila siku, kitanda kimetandikwa. Nilimwona anawaza. Nikamwacha awaze. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayeomba punguzo la mwisho dukani, "Basi leo tu. Pika mwenyewe, utie kwenye bakuli, nimpelekee. Leo tu, Mama mkubwa. Mengine tutazungumza."

Maji yalikuwa yanachemka jikoni. Iliki ilikuwa kwenye kinu. Ilikuwa siku yangu.

Nikamwambia, "Sifundishi mtu. Anayezitaka, jikoni kwangu anapajua."